Muuguzi akifundishwa kwa video, nani anasikia swali lake?

MSOMAJI, ikiwa umekwisha kuipita miaka arobaini, bila shaka unavikumbuka vidonge vichungu vya klorokwini, na jinsi baadhi yetu tulivyojikuna usiku kucha baada ya kuvimeza. Enzi hizo ukienda zahanati na homa hapakuwa na mjadala. Hivyo ndivyo ulivyopewa. Mnamo 1998 serikali ya Kenya iliiacha klorokwini kama dawa ya kwanza ya malaria kwa sababu vimelea vilikuwa vimeizoea, ikashika dawa za kundi la Fansidar. Hizo nazo hazikudumu. Mwaka 2004 ilitangazwa kwamba dawa mseto ya artemetha na lumefantrini ndiyo itakayotumiwa, na mwaka 2006 ikaanza kutolewa katika vituo vya umma.

Sasa mfikirie muuguzi aliyehitimu chuo mwaka 1996 na kupelekwa kufanya kazi mbali na mjini. Katika muda wa miaka kumi tu, alichofundishwa kuhusu ugonjwa anaoutibu kila siku kilibadilika mara mbili. Na hiyo ni malaria peke yake. Dawa za kupunguza makali ya virusi vya Ukimwi zimebadilika pia. Shirika la Afya Duniani lilitaka stavudini ianze kuachwa mwaka 2009, na kufikia 2019 lilikuwa likipendekeza dolutegraviri iwe katika matibabu ya kwanza. Aliyesoma kwa bidii na kufaulu vizuri mwaka 2005 angekuwa mtu wa hatari leo kama hangesoma tena.

Huenda ukadhani kwamba jambo hili ni la wizara na vyuo, wala halikuhusu wewe unayeishi mjini karibu na hospitali kubwa. Lakini wazazi wako je? Wengi wetu tuna mama au shangazi kule mashambani ambaye akiugua humwona kwanza muuguzi wa zahanati au afisa wa kliniki, na huyo ndiye anayeamua kama ni ugonjwa wa kutibiwa pale pale au wa kukimbizwa kwingine. Jinsi mtu huyo anavyofikishiwa elimu mpya ni jambo linaloigusa familia yako.

Kwa miaka mingi elimu hiyo ilifikishwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni waraka, ambao hubandikwa ukutani ukaliwa na jua. Ya pili ni semina hotelini. Muuguzi huitwa mjini kwa siku tatu au tano, akasikiliza mihadhara tangu asubuhi, akala vizuri, akarudi na cheti na faili. Sisemi kwamba semina hazina faida. Lakini ikiwa zahanati ina muuguzi mmoja au wawili, siku zile tano kuna wagonjwa waliokuta mlango umefungwa. Na mara anaporudi na kukutana na mgonjwa asiyefanana na yule aliyechorwa kwenye ubao, mkufunzi amekwisha kwenda zake.

Ndiyo maana wakufunzi wa afya wameipenda video ya mazungumzo, yaani ile inayowaruhusu watu walio mbali kuonana na kujibizana papo hapo. Wengi waliizoea mwaka 2020, vyuo vilipofungwa mwezi Machi kwa sababu ya Covid-19 na masomo ya nadharia yakahamia kwenye simu na tarakilishi. Lakini teknolojia yenyewe si changa hata kidogo.

Ilivyoanza

Mwaka 1959 katika mji wa Omaha, jimbo la Nebraska nchini Marekani, daktari wa magonjwa ya akili aitwaye Cecil Wittson na wenzake walianza kutumia runinga ya pande mbili kuwafundishia wanafunzi wa udaktari. Mwalimu aliwaona wanafunzi nao wakamwona. Mnamo 1964 taasisi yao iliunganishwa na hospitali ya magonjwa ya akili ya Norfolk, umbali wa kilomita 180 hivi, ili madaktari wa kule wapate mashauri na mafunzo bila kusafiri. Vifaa vilikuwa vya bei ya kutisha, na ndiyo sababu mambo hayakuenea haraka.

Na hapa kwetu? Wengi watashangaa kusikia kwamba Nairobi iliingia katika mambo haya mwaka 1985. Chuo Kikuu cha Memorial, kilichoko Newfoundland nchini Kanada, kilikuwa na daktari aitwaye Maxwell House aliyekuwa na uzoefu wa kuvifikia visiwa na vijiji vya mbali kwa simu. Yeye na wenzake waliunganisha chuo chao na shule za udaktari za Nairobi na Makerere, Kampala, kwa setilaiti. Haikuwa video. Ilikuwa sauti, pamoja na michoro ya umeme wa ubongo iliyotumwa Kanada ili isomwe na wataalamu. Hata hivyo, mwalimu aliulizwa swali kutoka upande mwingine wa dunia akalijibu hapo hapo, na hilo lilikuwa jambo kubwa kuliko picha.

Setilaiti zilikuwa na kasoro moja ambayo mtu haielewi mpaka aikute. Zile za mawasiliano hukaa takriban kilomita 36,000 juu ya ikweta. Sauti yako ikipanda huko na kushuka inakuwa imesafiri kilomita 72,000, na hata kwa kasi ya mwanga hiyo ni karibu robo ya sekunde. Jibu nalo hurudi kwa njia ile ile. Kwa hiyo muulizaji hungoja karibu nusu sekunde kabla ya kusikia hata “naam”. Unaweza kuona kwamba nusu sekunde si kitu. Jaribu kubishana na mtu kwa namna hiyo. Mtaanza kusema kwa pamoja, mtanyamaza kwa pamoja, halafu mmoja ataamua ni afadhali asikilize tu.

Kusikiliza tu ndiko kulikotawala baadaye. Chuo cha mtandao cha Afrika kilichoanzishwa na Benki ya Dunia mwaka 1997 kilirusha mihadhara kwa setilaiti hadi vituo vya vyuo vikuu mbalimbali, Kenyatta kikiwa kimojawapo. Wanafunzi walimwona mhadhiri wa ng'ambo kwenye runinga, yeye hakuwaona. Mwenye swali alipiga simu au aliandika. Masomo mengi hayakuwa ya afya, lakini mtindo ule ulivutia kila aliyekuwa akifikiria namna ya kufundisha watu wengi kwa mara moja.

Mlango ulifunguka mwaka 2009, nyaya za chini ya bahari, SEACOM na TEAMS, zilipofika Mombasa. Waya haupandi angani, kwa hiyo ule ucheleweshaji ulipungua sana. Simu za kisasa nazo zikafuata. Kitu kilichohitaji chumba kizima kule Omaha sasa kimo mfukoni mwa muuguzi.

Kuona si kujibizana

Hapa ndipo penye kosa linalofanywa kila siku. Kwa kuwa sasa picha ni rahisi, vyuo na mashirika mengi humrekodi mhadhiri kwa saa nzima, wakamweka mtandaoni, wakasema kwamba wametoa mafunzo ya kisasa. Mwanafunzi anabonyeza, mhadhiri anasema, na baada ya dakika ishirini mwanafunzi anajibu ujumbe wa rafiki yake.

Utafiti unasema nini? Mwaka 2008 daktari David Cook wa Mayo Clinic, Marekani, na wenzake walikusanya matokeo ya tafiti 201 kuhusu kuwafundisha wahudumu wa afya kwa intaneti. Waliojifunza kwa intaneti walijua zaidi sana kuliko wale ambao hawakufundishwa chochote. Hilo halishangazi. Walipolinganishwa na waliofundishwa kwa njia za kawaida, kwa jumla tofauti ilikuwa ndogo. Kwa maneno mengine, kifaa chenyewe hakikuwa na uchawi. Mwaka 2010 timu hiyo ikauliza swali la maana zaidi: kati ya masomo ya intaneti yenyewe, ni yapi yanayofunza vizuri? Yaliyowasaidia wanafunzi ni yale yaliyowalazimisha kufanya kitu, yaani kujibu maswali, kufanya mazoezi, kurudia, na kuambiwa walipokosea.

Kwa hiyo mtu akikwambia kwamba chuo chake kinafundisha kwa video, hujaambiwa jambo lolote bado. Muulize kinachotokea mwanafunzi asipoelewa.

Mfano unaojulikana zaidi

Jimbo la New Mexico huko Marekani lina eneo linalozidi nusu ya eneo la Kenya, na watu wake ni milioni mbili hivi. Mnamo 2003 daktari wa ini aitwaye Sanjeev Arora, wa chuo kikuu cha jimbo hilo mjini Albuquerque, alikuwa na kliniki ya homa ya ini aina ya C ambayo foleni yake ilifikia miezi minane. Wagonjwa walitoka mamia ya kilomita. Wakati huo tiba ilikuwa interferoni na ribavirini, dawa kali ambazo humletea mgonjwa homa, upungufu wa damu, na hata huzuni ya kutaka kujiua. Ilibidi mgonjwa aangaliwe mara kwa mara kwa miezi mingi. Asingeweza kusafiri hivyo, na daktari wa kijijini hakuthubutu kumwanzishia.

Arora hakuwaita madaktari wa vijijini semina, wala hakuanza kuwatibu wagonjwa wao kwa video. Alifanya hivi: kila juma, siku na saa ile ile, madaktari na wauguzi wa vituo vingi waliingia katika mkutano mmoja wa video pamoja na mtaalamu wa ini, mfamasia na daktari wa akili. Kulikuwa na somo fupi. Kisha kazi halisi ikaanza. Daktari wa kituo fulani alieleza habari za mgonjwa wake, bila kumtaja jina, akasema ni wapi alipokwama. Wengine walimuuliza maswali. Mtaalamu alisema maoni yake mwisho, na uamuzi ukabaki kwa yule mwenye mgonjwa. Juma lililofuata alirudi kueleza kilichotokea. Mpango huo ulipewa jina la ECHO.

Kwa nini mtindo huu ulifanya kazi? Angalia kwamba aliyeuliza hakuuliza ili aonekane ana bidii. Alikuwa na mgonjwa anayemngoja kesho asubuhi. Wenzake nao, hata wasipofungua mdomo, walisikia kosa la mtu mwingine na kulihesabu kuwa lao. Baada ya wagonjwa ishirini au thelathini wa namna hiyo, daktari wa kijijini alianza kujibu maswali ya wenzake kabla mtaalamu hajasema. Mganga yeyote wa zamani atakwambia kwamba yeye naye alijifunza hivyo, akimfuata bwana mkubwa kitanda hadi kitanda wodini. Tofauti ni kwamba hapa vitanda vilikuwa mbalimbali.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2011 katika jarida la udaktari la New England. Walifuatwa wagonjwa 407. 146 walitibiwa katika kliniki ya chuo kikuu na 261 katika vituo 21 vya vijijini na magerezani. Waliotokwa na virusi walikuwa asilimia 57.5 kwa wataalamu, na asilimia 58.2 kwa wale madaktari wa kawaida waliofundishwa kwa video. Madhara makubwa yaliwapata asilimia 13.7 ya wagonjwa wa chuo kikuu na asilimia 6.9 ya wale wa vituoni. Usiharakishe kusema kwamba vituo vilikuwa bora, kwa maana wagonjwa hawakugawanywa kwa kura na huenda waliokuwa hoi zaidi walibaki kwa wataalamu. Lakini hakuna aliyeweza tena kusema kwamba daktari wa kijijini hawezi.

Barani Afrika, Namibia ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kuuchukua mpango huu. Mwaka 2015 wizara yake ya afya ilianza kuutumia kwa wahudumu wanaotibu wagonjwa wa virusi vya Ukimwi. Nchi hiyo ni kubwa kuliko Kenya na watu wake ni wachache, wametawanyika jangwani. Katika nchi zinazosema Kifaransa, hospitali za chuo kikuu cha Geneva chini ya daktari Antoine Geissbuhler zilianza na Mali mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mtandao wao uliitwa RAFT, na jambo la kusifiwa ni kwamba waliutengeneza ukaweza kupita katika laini dhaifu. Laini ikizidiwa, kitu cha kwanza kupunguzwa kiwe picha ya mhadhiri. Sauti na michoro ibaki. Ni akili ya mtu aliyewahi kuketi Bamako akingoja intaneti.

Mikono haifunzwi na kioo

Kuna mambo ambayo hata video nzuri ya mazungumzo haiwezi kuyafunza, na ni lazima tuyaseme wazi kwa sababu watu hufa kwa ajili yake.

Mtoto anapozaliwa bila kupumua, mkunga ana dakika moja hivi. Anamkausha na kumsugua mgongo. Asipolia, anamwekea barakoa ndogo usoni na kuanza kumpulizia hewa kwa mfuko wa mkono. Ukiitazama video ya jambo hilo utaona ni rahisi sana. Lakini barakoa isipobana vizuri juu ya pua na mdomo, hewa hutoroka pembeni na kifua hakiinuki. Shingo ikikunjwa, njia ya hewa hufunga. Mambo hayo hujulikana kwa vidole, na vidole vya mtu anayeogopa husahau.

Hospitali ya Haydom, katika mkoa wa Manyara kaskazini mwa Tanzania, imetupa funzo kubwa juu ya hili. Mwaka 2010 wakunga wake walipewa mafunzo ya siku moja kwa kutumia mwanasesere aliyetengenezwa mfano wa mtoto mchanga. Hii haikuwa video. Ilikuwa ana kwa ana, kwa vifaa vizuri. Walipopimwa baadaye kwa mwanasesere walifanya vyema zaidi. Watafiti walipotazama walivyowahudumia watoto halisi katika chumba cha kuzalia, hawakuona mabadiliko. Ripoti hiyo ilitoka mwaka 2013.

Hospitali haikukata tamaa. Mwanasesere aliwekwa pale pale wanapozalisha, na wakunga wakaanza kufanya mazoezi mafupi ya dakika tatu hadi tano kila juma, pamoja na zoezi refu zaidi kila mwezi. Kwa mujibu wa ripoti ya mwaka 2015, vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza vilipungua kutoka 11.1 kwa kila watoto 1,000 waliozaliwa hadi 7.2. Hakuna dawa mpya iliyoletwa pale. Ni mazoezi tu, tena mafupi, yaliyorudiwa mpaka vidole vikakariri.

Video ingeweza kusaidia wapi hapo? Pengi. Mkufunzi aliye mbali anaweza kumtazama mkunga akifanya zoezi mbele ya kamera ya simu na kumwambia, “Inua kidevu kidogo.” Lakini bila mwanasesere mezani na bila msimamizi anayehakikisha kwamba zoezi limefanywa, hakuna cha kutazama. Wanaodhani kwamba intaneti itawapunguzia gharama ya wodi za kufundishia wanajidanganya, na gharama hiyo itamwangukia mtu mwingine.

Kamera nayo ina udanganyifu wake. Taa ya manjano chumbani humfanya mtu mzima aonekane ana ugonjwa wa ini, na taa ya buluu humficha mwenye nao. Juu ya ngozi nyeusi, dalili kama uwekundu au rangi ya midomo huhitaji jicho lililozoea na mwanga wa mchana. Na kuna hili ambalo wengi hawalijui: programu za mikutano zimeundwa kuchuja kila sauti isiyokuwa ya binadamu anayeongea. Ukiweka kifaa cha kusikilizia moyo karibu na maikrofoni, programu huona mapigo hayo ni kelele ya barabarani, ikayafuta. Mwanafunzi wa upande wa pili anasikia kimya. Ni lazima uchujaji huo uzimwe kwanza.

Nina jamaa yangu, afisa wa kliniki, ambaye wakati mmoja nilimkuta jikoni kwangu akikaanga vitunguu huku simu yake imeegemezwa kwenye chupa ya mafuta. Alikuwa “darasani”. Waliohudhuria walikuwa zaidi ya mia tatu, kamera zote zimezimwa, na kila mmoja alingoja mwisho ili ajaze fomu apate alama zake za masomo ya kazini, zile zinazotakiwa mtu anapofanya upya leseni yake. Nilimuuliza mada ilikuwa nini. Alifikiri kidogo, akasema, “Kisukari, nadhani.” Tulicheka, lakini baadaye nilifikiri juu ya wagonjwa wake wa kisukari. Simlaumu sana. Hakuna aliyemuuliza swali jioni ile, na bando lilikuwa la pesa zake mwenyewe.

Bando ni suala lenyewe. Video ya saa moja hula data nyingi, na katika vituo vingi mwajiri hailipii. Stima nayo hupotea. Lakini kwa maoni yangu, shida iliyo kubwa kuliko hizo ni muda. Muuguzi mwenye foleni ya watu sitini nje hawezi kuketi mbele ya kioo saa tano asubuhi, na akiambiwa ajifunze usiku nyumbani, hiyo ni kazi ya bure. Mahali ambapo mafunzo haya yamefaulu, saa ya kujifunza imehesabiwa kuwa saa ya kazi, na msimamizi amekubali kwamba foleni itangoja kidogo.

Ikiwa mtoto wako anataka kuwa muuguzi

Barua za kuitwa vyuoni zikitoka, wazazi wengi huvutiwa na matangazo ya vyuo vyenye “madarasa ya kisasa ya mtandaoni”. Kabla hujalipa karo, hakikisha kwanza kwamba chuo kimeidhinishwa na Baraza la Wauguzi la Kenya, au baraza linalohusika na taaluma anayoitaka mtoto. Pili, uliza ni hospitali gani itakayompokea kwa mafunzo ya wodini, na nani atakayemsimamia huko. Ukijibiwa kwa maneno ya kuzunguka, tafuta chuo kingine. Halafu uliza wanafunzi wangapi huwa katika somo moja la video. Kumi na watano wanaweza kuulizana. Mia tatu hawawezi.

Usiidharau video kwa sababu ya haya yote, hata hivyo. Mtoto anayesoma mbali na mjini anaweza kumsikia bingwa ambaye hangekutana naye kamwe, na somo lililorekodiwa linaweza kusimamishwa na kurudishwa nyuma mara tano, jambo ambalo hakuna mhadhiri mwenye subira ya kulifanya. Wanafunzi wengine wenye haya ambao hawainui mkono darasani huandika maswali yao bila woga. Waliowahi kuwa wanafunzi wa kukaa nyuma wanaelewa nisemayo.

Ukiwa wewe ndiwe mgonjwa

Huenda siku moja daktari akakuomba ruhusa ya kueleza ugonjwa wako katika mkutano wa video, au kukupiga picha ili wengine wajifunze. Mara nyingi hilo ni kwa faida yako, kwani unapata akili za watu kumi badala ya mmoja. Lakini una haki zako. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 imeziweka habari za afya miongoni mwa habari nyeti za mtu, zinazohitaji ulinzi zaidi.

Kwa hiyo uliza kabla ya kukubali. Je, jina langu litatajwa? Uso wangu utaonekana? Mkutano utarekodiwa, na ukirekodiwa utahifadhiwa wapi na nani? Picha itapigwa kwa simu ya hospitali au kwa simu ya daktari mwenyewe, ile ambayo watoto wake huchezea jioni? Katika mikutano iliyopangwa vizuri, mgonjwa hutajwa kwa nambari, umri na jinsia tu, na hayo hutosha kabisa kwa kumfundishia mtu. Picha ya kidonda haihitaji uso. Kama kuna picha ya uso ambayo ni ya lazima, basi daktari akueleze sababu yake kwa lugha unayoielewa.

Unaweza pia kukataa, na kukataa kwako hakupasi kupunguza matibabu yako hata chembe. Ukikubali, mwombe daktari jambo moja ambalo wagonjwa wengi hawafikirii kuliomba: arudi akwambie wenzake walisema nini.